Mawaridi Yaliyokufa kwa Zamu

Niliambiwa, nami nikaamini kwa asilimia mia mbili, kwamba mtunza bustani aliyefariki alikuwa anarudi kuyachukua mawaridi yake, kichaka kimoja baada ya kingine, na kwamba akimaliza mstari atamchukua aliyerithi kazi yake. Aliyerithi kazi yake nilikuwa mimi.

Bustani yenyewe ipo hapa Singida mjini, upande ambao upepo wa ziwani huingia bila kubisha hodi. Marehemu alikuwa ameotesha vichaka ishirini na vinne vya waridi, kuanzia getini hadi kwenye tangi la maji. Mimi niliajiriwa kabla hata arobaini yake haijafika. Msimamizi akanikabidhi mpira wa maji, reki na mkasi wa marehemu, mipini yake imelika kwa umbo la vidole vyake. Kuushika ilikuwa kama kupeana naye mkono. Makali yalikuwa yameganda utomvu mweusi. Sikuuosha. Mtu keshaoshwa, kazikwa. Kumwosha mara ya pili niliona si adabu.

Wiki ya tatu kichaka cha getini, nilichoanza nacho kupunguza matawi, kikaanza kuwa cheusi. Weusi ulianzia kwenye ncha za matawi ukashuka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, mpaka shinani. Kikafa. Kikafuata cha pili. Halafu cha tatu. Hakuna kilichorukwa. Mdudu hula ovyo na jua huchoma popote, lakini huyu alikuwa anatembea kwa mstari kuelekea kwenye tangi, na kwenye tangi ndiko nilikokuwa nakaa kula ugali wangu. Asubuhi upepo ukigonganisha miiba nilikuwa nasikia mkasi unafanya kazi, kwachu, kwachu, na mkasi huo ninao mkononi.

Jioni nilikuwa nasoma masomo ya sekondari ya watu wazima. Wenzangu darasani wakapata burudani ya mwaka mzima.

"Marehemu mtarajiwa!" ananiita fundi baiskeli wa dawati la nyuma. "Vimebaki vingapi?"

"Kumi na tisa."

"Ah, basi mtihani utaufanya. Matokeo tutakuletea kule kule."

Nilicheka kuliko wote, bati nusura ling'oke. Kisha nikifika chumbani naanza kuhesabu upya. Nilikonda kilo hamsini, na mwili wenyewe ulikuwa na arobaini na tisa.

Nikaongeza bidii, labda ataniona mtu wa maana. Kila Jumatatu nilianzia getini. Nakata yale matawi meusi taratibu, "Samahani mzee, samahani mzee," halafu nasogea kwenye vichaka vya kijani vinavyofuata, navipunguza kidogo kidogo vipendeze, ili akija kukagua akute kazi inaendelea. Nilivyozidi kumridhisha ndivyo alivyozidi kukaza mwendo.

Vilipobaki tisa nikashindwa. Nilinunua kilo mbili za sukari nikaenda Utemini, nyumbani kwa mjane wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mbona umebeba sukari yote hiyo?"

"Mama, nimekuja kuomba. Mwambie mzee aniachie hata vichaka vitatu. Mimi sijaoa."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliipokea sukari, akaiweka chini, pazia la mlangoni likijaa upepo na kusinyaa.

"Hata mimi nilisikia hayo maneno," akasema. "Nikaja bustanini siku tatu, alfajiri, kabla yenu. Nikakaa kwenye benchi. Nilisema, kama anakuja kwa ajili ya maua, hawezi kunipita mimi bila salamu." Akavuta khanga begani. "Hakuja. Basi nikawa naangalia maua yake tu. Weusi unaanzia wapi?"

"Kwenye ncha."

"Ncha zote, au zile ulizokata?"

Nikafumba macho. Niliviona vichaka vyote kumi na tano, na kila kimoja weusi unashuka kutoka kwenye kidonda changu.

"Nilizokata."

"Mkasi unauosha?"

Nikamweleza ile habari ya adabu, na jinsi ninavyoanzia getini kila Jumatatu. Akaziba mdomo kwa khanga, mabega yakatikisika; sikujua kama ni kicheko au kilio, na sikuthubutu kuuliza.

"Mwanangu," alisema alipotulia, "yule alikufa, akazikwa, amepumzika. Hayo maua yana fangasi. Siku ya mwisho alikata tawi bovu, homa ikampata, akarudi nyumbani kabla hajaosha mkasi. Siku zote alikuwa anauchovya kwenye maji ya dawa ya madoa ya nguo kila akitoka kichaka hiki kwenda kile, na kilicho kigonjwa anakikata mwisho. Wewe unaanza na kigonjwa, halafu unavipelekea vizima ugonjwa kwa mkono wako."