Simba wa Blanketi la Mama

Blanketi la mama lilikuwa na harufu yake peke yake: udi, na vidonge vya nondo vilivyoshinda nalo kashani karibu mwaka mzima. Likishatolewa tu, tulijua kipupwe kimeingia Konde na kwamba asubuhi tutakwenda chuoni kusoma Kurani tumejikunyata. Mjomba, ndugu pekee wa mama, ndiye aliyelileta kutoka Maskati mara ya mwisho alipokuja kututazama. Alirudi zake huko na hatukumwona tena. Lilikuwa zito, laini, la rangi ya kahawia, na katikati yake alilala simba dume mkubwa kuliko mimi, kifua kimezama majanini, ameukodolea mlango macho. Wanawake waliokuja kumtembelea mama walilipapasa kwanza, ndipo wakauliza hali. Mama alijifanya hana habari, lakini siku za wageni alilitandika mara mbili.

Likizo ile ya mwezi wa sita nilikuwa darasa la nne, na rasharasha za mvua zilitufungia ndani. Ndipo nilipoanza kuchora simba. Pemba hakuna simba, hakuna chui wala duma. Mnyama wa jamii hiyo niliyemjua ni paka wetu wa jikoni, na huyo alikaa akatulia samaki akiparwa tu. Mwalimu wangu akawa blanketi. Nilikaa chini sakafuni, daftari magotini, nikaweka kikombe cha kahawa juu ya karatasi na kukizungushia penseli ili nipate kichwa. Simba wangu wa kwanza alikuwa jua lenye masharubu. Wa pili alikuwa na macho ya binadamu, tena binadamu aliyefiwa. Nilikaa siku nzima kwenye pua, mpaka nikagundua kwamba pua ya simba ni pana na inashuka ikashikana na mdomo, si kitufe kama nilivyokuwa nikimwekea. Miguu sikujifunza kabisa, kwa sababu yule wa blanketi miguu yake ilifichwa na majani. Basi simba wangu wote nao walilala majanini. Siku moja nilijitia ujuzi nikamchora mmoja amesimama, nikaazima miguu ya paka, loh! Mdogo wangu Haji alicheka mpaka akapaliwa na uji.

Baba alikuwa akisomesha chuoni, na mtaani kila mtu alimwita Maalim, hata mama. Alasiri moja alikuwa akitafuta kalamu, akalikuta daftari langu. Akaniita. "Labeka, baba," nikaja mbio, nikidhani nimepata wa kumwonyesha. Alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda, anafungua kurasa taratibu. Akaniambia kwamba anayetia roho ni Mungu, si mimi, na kwamba chenye roho hakichorwi hivi hivi. Kisha akachukua kalamu ya wino wa buluu, akapiga mstari shingoni mwa simba wa kwanza, kutoka bega hili hadi hili. Akafungua ukurasa wa pili, akapiga. Walikuwa kumi na saba. "Sasa hana roho," alisema. "Hii ni picha ya kitu tu. Ukitaka kuchora, chora, lakini kata shingo. Nikimkuta mmoja hana mstari, daftari na penseli vyote vinaingia jikoni kwenye moto." Maalim hakuwa mtu wa kupiga kelele, na ndiyo maana nilijua ataingiza kweli. Wanazuoni wana maneno yao juu ya jambo hili na mimi si wa kuwasemea. Nasimulia ya nyumbani kwetu tu.

Niliwaona simba wangu wamechinjwa mmoja mmoja, na hasira zilinipanda mpaka nikasahau ninayesema naye ni nani. Nikasema, "Na huyo uliyemkalia je, baba?" Mama alikuwa mlangoni na bakuli la muhogo. Baba aligeuka akatazama. Nadhani miaka yote ile alijifunika simba yule bila kumwona hata siku moja. Aliligeuza blanketi upande wa pili, na upande wa pili simba yupo vile vile, ila manyoya yamekuwa meupe na majani meusi. "Mtoto kasema kweli," alisema. Baba alikuwa mwadilifu, na uadilifu wake siku zote ulianza kuumiza nyumbani. Akamwambia mama kwamba kesho likunjwe, apewe mtu mwingine. Mama aliweka bakuli chini, akanishika mkono mpaka uani, akanisogelea usoni. "Nani kakutuma unisemee? Eh? Nina kitu gani cha kaka yangu mimi zaidi ya hicho? Mdomo huo mwanangu, mdomo huo!" Sauti yake ilikuwa ndogo na macho yake yamejaa maji. Sijawahi kujichukia kama siku ile. Nilitamani simba wote kumi na saba wachomwe na blanketi libaki.

Asubuhi, baba alipokwenda chuoni, mama alinituma dukani kununua uzi mweusi na sindano kubwa. Niliporudi alinitoa chumbani, akafunga mlango. Nilipofunguliwa alikuwa anakata uzi kwa meno, blanketi limetandikwa limenyooka, hakuna hata mkunjo. Baba akarudi. "Nimeshamkata shingo, Maalim," mama alimwambia. "Mstari umo ndani ya manyoya, pande zote mbili." Baba aliinama, akapitisha kiganja shingoni mwa simba, polepole, toka bega hili hadi hili. Nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono miwili. Akasema, "Alhamdulillahi," akaenda kutia udhu. Blanketi likabaki, na mimi nikapumua.

Siku tatu mama hakunisemesha ila kwa kazi. Siku ya nne alinikuta nimekaa na daftari, nimempiga simba wangu mstari mweusi kama kamba ya mbuzi, nimenuna. Akasema, "Hujui kuficha? Weka mstari kwanza, halafu uvishe manyoya juu yake." Basi nikajifunza manyoya. Nilichora unywele mmoja mmoja, mrefu na mfupi, mwingine umepinda, mpaka mstari ukamezwa. Baba kila akipita huuliza, "Mstari?" Nami humwonyesha kwa ncha ya penseli, "Huu hapa, baba." Akitikisa kichwa kukubali, nimesalimika. Chui na duma hawana manyoya ya kufichia, wakawa na kola shingoni, kwa hiyo niliwaacha nikashika simba madume tu. Mpaka kipupwe kinakwisha, hakuna mtoto Konde aliyeweza kunishinda manyoya ya simba. Miguu, usiniulize.

Sasa nafundisha chekechea Chake Chake, na kuta za darasa nimezichora mimi. Watoto wangu wamewaona simba kwenye simu wakikimbia, wakipigana, wakinyonyesha. Wananisahihisha hesabu ya kucha. Mimi kwa umri wao nilikuwa na simba mmoja, tena amelala. Mama alipotutoka, baba alihamia kwangu mtaa wa Madungu na blanketi lile chini ya kwapa. Kipupwe hiki nililifua, nikalianika, nikaona niutazame ule uzi wa mama. Nilitafuta upande huu, nikatafuta upande ule, nikapekua manyoya kama ninayetafuta chawa. Baba alikuwa amekaa barazani.

"Unatafuta uzi," alisema.

"Ndiyo, baba. Nahisi umekatika."

"Haujakatika. Haukuwahi kuwepo. Niliupapasa siku ile ile, sikuukuta."

Nilibaki na pindo la blanketi mkononi. Nikamuuliza mbona alinyamaza. "Mama yako alikuwa na ndugu mmoja," alisema, "na huyo harudi. Nimwambie nini?" Nikaona kinyongo changu cha utotoni kinapanda upya, nikasema, "Na mimi je? Miaka yote ile nakata simba shingo!" Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe nilidhani utachoka, uache." Nikamwambia sikuacha. "Niliona," alisema, akaomba nimpe kofia yake aende msikitini.

Kesho yake darasani nilikuwa na ukuta mpya. Nilichora duara la kichwa, macho, pua pana, halafu mkono wangu ukapiga mstari shingoni kama ulivyozoea. Ningeweza kuufuta, baba aliyemwachia mama asingenidai mimi tena. Nikauacha. Mama hakuushona, basi acha mimi niuchore. Mtoto mmoja nyuma yangu akapiga ukelele, "Mwalimu, mbona unamchinja?" Nikamwambia akae chini asubiri, manyoya bado.