Jikoni kwa Adero Hakufuki

Ulimi huponza kichwa, na Adero wa Rongai alikuwa nao ulimi. Babake aliletwa Nakuru na kazi ya reli, akastaafu, akanunua ekari mbili, akafa. Shamba likabaki kwa Adero, watoto wake wawili na mamake mkongwe, aliyekohoa kutwa kucha kwa ajili ya moshi wa kuni.

Kule kwao moshi ndio salamu. Mtu akiona adhuhuri imepita na jikoni kwa jirani hakufuki, huenda kubisha. Mwaka ambao homa ilimlaza Adero, jirani yake Jepkosgei alikuja na sufuria ya uji bila kuitwa, akasema tu, "Sijaona moshi kwenu."

Kisha akaja Bravin, kijana wa kampuni ya kutengeneza ethanoli. Aliwakusanya wakulima, akawasha stovu mbele yao. Mwali wa samawati, moshi hakuna, masizi hakuna. Mafuta ya stovu hiyo, ndiyo ethanoli, alisema, yanatokana na mtama mtamu, ule wenye bua la sukari kama muwa.

"Mathe, utakuwa na kisima cha mafuta kwa shamba, na hii haikauki. Unapanda tu tena," alimwambia Adero.

Kila aliyekubali kupanda alipewa stovu na mafuta ya kuanzia. Wala hakudanganya yote. Mwezi haukuisha kabla kikohozi cha bibi kizee hakijakoma, akalala usingizi kama mtoto.

"Lakini acha hata kipande cha mahindi," alimsihi bintiye.

"Mahindi imetupa nini, mama? Tukilipwa tutanunua unga."

Akapanda mtama kote, hadi nyuma ya choo. Jepkosgei alipopita na mzigo wa kuni mgongoni, Adero alimcheka watu wakisikia. "Endelea kulia na moshi, dada. Sisi tulitoka huko." Jepkosgei aliuweka sawa mzigo wake, akashika njia.

Mtama ulistawi. Masuke yalipochomoza, kampuni iliagiza yakatwe yangali machanga, ili sukari isipande kwenye punje. Mamake Adero alikaa ukingoni mwa shamba akiangalia chakula kikiangushwa chini, mbuzi wa majirani wakila, akalia waziwazi. Adero alimwona mshamba.

Mtama wa aina hiyo ukishakatwa hauna subira. Usipokamuliwa upesi, unachacha. Bravin alipiga simu wakate Jumatatu. Lori lilifika Ijumaa. Bravin alikamua tone kwenye kipimo chake, akakunja uso.

"Hii imeharibika, mathe. Kiwanda haiwezi chukua."

"Si ni wewe ulisema tukate?"

"Lori iliharibikia Mai Mahiu. Sasa mimi ningefanya aje?" Akateremsha mtungi mkubwa wa ethanoli. "Chukua hii ya kupikia, ni bure." Kampuni ilijiona imefanya wema. Ilimwachia mwanamke moto wa miezi bila cha kubandika juu yake.

Adero alihangaika na vibarua, lakini msimu wa kulima ulikuwa umepita. Unga kidogo uliopatikana walipewa watoto. Mamake alisukuma sahani yake kwao kila jioni akisema ameshiba, na Adero, Mungu amsamehe, alichagua kuamini.

Siku moja Jepkosgei alisimama langoni. Adero alikuwa amemwona tangu mbali, akabandika sufuria ya maji matupu, na sasa mfuniko ulikuwa ukiruka.

"Leo mnapika nini huko?"

Neno moja tu lilitakiwa. Adero aliukumbuka ule mzigo wa kuni na kicheko chake mwenyewe.

"Nyama," alisema.

"Haya basi, kuleni vizuri," alisema Jepkosgei, akaenda zake.

Wiki iliyofuata mamake alianguka akitoka mlangoni. Wakambeba hadi zahanati. Daktari alimpima kifua mara mbili.

"Mapafu ni safi kabisa, hata nimeshangaa. Huyu mzee hajakula." Aliinua macho akamtazama Adero. "Mnaishi naye nyumba moja?"

Mamake hakumaliza juma.

Siku ya matanga Jepkosgei alileta gunia la mahindi yaliyosagwa. Wengine wakaleta maharagwe, mboga, hata mbuzi, mmoja wa wale walioshibia masuke. Stovu ilikuwa ndogo kwa sufuria za msiba, kwa hiyo wanawake waliweka mafiga uani, wakawasha mabua makavu ya mtama. Yaliwaka vizuri. Moshi ukapanda juu ya boma lile, mzito, ukaonekana hadi barabara kuu.

Jepkosgei alikuja na sahani, macho mekundu. "Nilikuwa naangalia huku kila siku, Adero. Nikikosa moshi nasema, ni ile stovu yao. Wenzetu wanakula nyama."

Adero alipokea sahani, ugali umejaa pomoni na nyama juu yake. Mamake alikuwa ndani ya jeneza, hatua chache kutoka pale, na waombolezaji wote walikuwa wakimtazama yeye. Akala yote, akaomba nyingine, kwa sababu alikuwa na njaa.