Chai ya Pili ya Aabo

Harufu ya samli ikiyeyuka na iliki hunikunja uso mpaka leo. Mjukuu wangu Nasra, anayefundisha hapa Garissa, hucheka: "Ayeeyo, watu wote wakisikia hiyo harufu wanafurahi, wewe tu ndiye unakasirika!" Juzi alinisomea kwenye simu yake kwamba chakula na hasira ni ndugu. Nikamwambia, mama, hiyo hata mbuzi wa kwetu Balambala wanaijua. Na ninyi mnaosoma, sogeeni. Mwandiko wangu ni wa ngumbaru, nimeanza kushika kalamu nikiwa tayari nina wajukuu, lakini jina la mtu sisahau.

Baba yetu, aabo Gedi, alikuwa watu wawili. Aabo kabla ya chai alikuwa na jibu moja: hapana. Ukimwambia jua limechomoza, hapana. Lakini akishakula anjera yenye samli, akanywa kikombe cha kwanza kimya, akafika cha pili, basi anafungua kifungo cha shati na kuuliza habari za ngamia wake kwa majina. Mama yetu, hooyo Fatuma, alitufundisha mapema: "Mwenye njaa usimwombe hata maji ya kunawa. Ngoja chai ya pili." Na neno la aabo likishatoka, halirudi, hata akijuta.

Mwaka mmoja ndugu yake, adeer Yusuf, aliyekuwa na duka Garissa, alileta salamu kwamba nyumbani kwake kuna nafasi ya msichana mmoja, alale na binti zake, aende shule. Mmoja. Nasi tulikuwa wawili, mimi na Sahara, aliyenizidi mwaka mmoja tu. Tulilala mkeka mmoja tukinyang'anyana shuka. Sahara alisema hataki. "Nikakae kwenye benchi kutwa kama kuku anayeatamia? Nenda wewe, abaayo. Mimi nabaki na hooyo."

Mimi nilitaka sana. Herufi nilizoziona kwenye magunia ya sukari nilikuwa nikiziandika mchangani kwa kijiti. Basi nikamweleza Sahara mpango wangu wote, hatua kwa hatua, mpaka kile kifungo cha shati.

Asubuhi ya Ijumaa niliamka mapema, nikachoma anjera kumi na mbili kwa unga uliochachuka tangu jana, zenye matundu kama sega la nyuki. Nikayeyusha samli na iliki. Moshi ulinitoa machozi, nami naimba. Aabo akala. Akanywa kikombe cha kwanza. Nikammiminia cha pili, nikaona vidole vinapanda kwenye kifungo. Mikono yangu ilikuwa inachuruzika samli, na kwetu husimami mbele ya baba hivyo kumwomba jambo. Nikatoka kunawa. Hatua kumi, si zaidi.

Niliporudi, Sahara alikuwa amechuchumaa mahali pangu.

"Aabo, niende mimi kwa adeer?"

Aabo alikuwa analamba kidole. "Nenda, binti yangu. Anjera zako leo zimekuwa tamu."

Zako! Na Sahara hakumsahihisha. Nikamtazama hooyo. Hooyo akatazama moto.

Siku mbili nilikataa kula. Nilikusudia kwamba lori la adeer likifika, nitasimama mbele ya wanaume wote niseme: anjera nilipika mimi, na nafasi ni yangu. Maneno niliyapanga kama mtu anayepanga mizigo juu ya ngamia.

Lori likafika adhuhuri. Hooyo akaniita ndani, akaniwekea maziwa na bakuli la nyirinyiri, nyama ile ya vipande vidogo inayolala ndani ya samli. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya Ramadhani.

"Naa, kula kwanza," aliniambia. "Maneno ya mwenye njaa yanatetemeka. Ukishiba utasema vizuri."

Nikamwamini. Nililamba bakuli mpaka likang'aa. Nilipotoka nje, jua lilikuwa zuri, lori lilikuwa zuri, hata Sahara na buibui lake la kuazima alikuwa mzuri. Adeer akaniuliza, "Na wewe mdogo, una neno?" Nikayatafuta yale maneno, nikayakuta yamelala. Nikacheka. Wallahi nilicheka, nikapunga mkono. Jioni njaa iliporudi, maneno yalirudi yote, hakuna lililopotea. Lori lilikuwa mbali.

Miaka mingi nilimlaumu Sahara peke yake. Nilikuja kuelewa nikiwa na binti yangu, Hibo, siku aliponijia na kilio cha haki, na mkono wangu, bila kufikiri, ukaenda kwenye sufuria. Hapo nikamwona hooyo. Mimi nilimlisha aabo ili aseme ndiyo, hooyo akanilisha mimi ili nisiseme kitu. Siku ile alitaka amani mbele ya wageni kuliko alivyotaka mimi nisome. Mungu amrehemu, bado nimemkasirikia, na nikishiba hasira inapungua, jambo linaloniudhi zaidi.

Sahara ni mwalimu mstaafu, anakaa Habaswein. Kila Idi huja na sahani ya halua, akaniwekea mbele kabla hata hajavua viatu.

"Kula kwanza, abaayo."

"Sema kwanza anjera zile zilikuwa za nani," namwambia.

Anatazama mlango. Halua inakaa kati yetu mpaka wajukuu waimalize.