Nilikataa bia wiki ya kwanza chuoni, nyumbani ikafika kwamba nina mimba

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wangu wote shikamooni.

Mimi humu ni msomaji tu, huwa napita kimya. Ila jana nimesoma uzi wa mdogo wetu anayeuliza atafanyaje akifika chuo na yeye hanywi pombe. Karibu wote mmemjibu, "Agiza soda yako, nani atakujali?"

Nimecheka, lakini si cheko la raha. Ngoja niwaeleze nani atakujali. Haya yamenipata mwenyewe, nilichobadilisha ni majina tu, mimi niiteni Kabula.

Kwetu ni Ipole, kule Sikonge. Baba analima tumbaku, ana mizinga yake ya nyuki porini, na ni mzee wa kanisa. Sisi ni Wamoraviani, pombe haivuki kizingiti cha nyumba yetu.

Lakini msidhani nilikuwa nakataa kwa kumwogopa baba. Niliwahi kuionja kwenye harusi moja, sikuipenda, yakaisha. Sina stori ya kusikitisha. Watu wakikuona na soda wanataka uwape stori ya kusikitisha. Mimi sina.

Tabora mjini sikuwa mgeni, form five na six nilisoma pale pale, bwenini. Kwa hiyo nilipopata chuo Tabora, nyumbani walifurahi. Karibu na nyumbani, halafu Tabitha yupo.

Tabitha ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, dada yake baba. Alikuwa mwaka wa pili. Tumekua pamoja, tumelala kitanda kimoja utotoni, tumechuma majani ya tumbaku shamba moja. Yeye ndiye aliyenitafutia nafasi hosteli, chumbani kwake.

Siku ya kuripoti alikuja kunipokea stendi. Begi langu alijitwika yeye. Akanionyesha foleni ya usajili inaanzia wapi, na mama lishe gani ukila kwake hulali unaumwa tumbo. Nayasema haya makusudi, msije mkadhani alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Hakuwa.

Jumamosi mchana kukawa na sherehe ya kuwakaribisha first year, kwenye bar moja yenye uwanja mkubwa, nyama inachomwa, muziki juu. Nikaenda. Nilicheza sana, wakuu. Hata sikuwa nimenuna pembeni kama mnavyodhani wasiokunywa tunakaaga.

Tatizo lilianza kwenye vinywaji. Jamaa mmoja wa mwaka wa pili, wenyewe walimwita Mwenyekiti, ndiye alikuwa anagawa. Akanipa bia. Nikasema naomba soda.

"Dini?"

"Hapana."

"Uko kwenye dawa?"

"Hapana kaka, situmii tu."

"Hakuna mtu asiyetumia *tu*. Lazima kuna sababu."

Meza nzima ikageuka kunitazama. Kuna aliyesema ni ushamba, kuna aliyesema najifanya mtakatifu. Mimi natabasamu tu, mashavu yanauma.

Ndipo Tabitha, chupa mkononi, akasema, "Jamani muacheni mdogo wangu, anamlinda mtoto."

Watu walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Na mimi nikacheka. Soda nikaletewa. Kwa kweli wakati ule nilimshukuru, niliona kaniokoa.

Jumatatu darasani kaka mmoja akasimama kunipisha kiti cha mbele. "Kaa mama kijacho." Kwenye grupu la WhatsApp la darasa zikaanza sticker za vichanga. Wasichana wawili nisiowajua wakanifuata msalani, wanaongea kwa huruma kabisa, wananiuliza baba wa mtoto kama yuko pamoja na mimi.

Nikamwambia Tabitha, "Dada, waambie watu ulikuwa unatania."

"We nawe! Ukikasirika ndo watajua ni kweli. Kausha, itapita wiki hii hii."

Nikakausha.

Sasa kilichotokea nyuma yangu nilikuja kuambiwa na mama baadaye. Kuna mtu alipiga picha pale bar akaziweka status. Zikazunguka, zikamfikia shangazi. Picha inamwonyesha Tabitha kashika chupa ya bia, na mimi nyuma yake. Shangazi akapiga simu anatukana. Tabitha alipoona amebanwa, akasema chupa ile alikuwa amemshikia mtu. Halafu akaongeza, "Mama, unanigombeza mimi kwa chupa, wakati Kabula amekuja chuo na mimba?"

Bia ikasahaulika hapo hapo.

Alhamisi asubuhi nimeitwa getini, mlinzi anasema nina mgeni. Natoka, namkuta baba. Kavaa koti lake la ibada. Ulikuwa msimu wa vitalu vya tumbaku, miche inataka maji kila siku, na baba siyo mtu wa kuacha miche yake hata kwa msiba wa jirani. Nikajua kuna jambo.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia.

"Begi lako liko wapi?"

"Begi la nini baba?"

Akaanza kuongea Kinyamwezi, na baba akiacha Kiswahili ujue hasira imefika juu. Alisema hakunitoa nyumbani ili nimvue nguo mbele ya kanisa, na kama ni kweli, tunaondoka na basi la siku ile ile.

Nililia, nikakana. Nikamwambia tumwite Tabitha, yeye ndiye aliyeanzisha. Tabitha akaja, kapiga goti, kasalimia vizuri. Baba akamuuliza, "Haya maneno umeyatoa wapi?"

Akaangalia chini. "Mjomba, mimi nilisikia watu wanasema."

Wakuu, mpaka leo sijui niliwezaje kusimama pale nisimguse.

Baba akasema twende tukapime. Mtaa wa pili kulikuwa na zahanati binafsi. Nesi, mama wa makamo, akauliza nani anataka kipimo. Baba akajibu, "Mimi." Nesi akamtazama, akanitazama. "Mzee, huyu ni mtu mzima. Binti, wewe mwenyewe umekubali?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Lakini nikifikiria hapana, nauona mlango wa basi. Nikasema, "Nimekubali."

Nikapewa kikopo. Baba akasimama mlangoni mwa choo kama askari. Sitaeleza zaidi, mnaelewa.

Majibu yakatoka, hakuna kitu. Nesi akamwonyesha baba kile kipimo, akamfundisha mistari inasomwaje. Baba akakitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nasubiri neno moja tu. Hata "pole" ingetosha.

Akatoka nje akampigia shangazi, simu yake ina sauti kubwa, watu wa kwenye benchi wote wanasikia. "Nimempima. Hana kitu."

Shangazi akajibu, "Kaka, hivyo vipimo mimba changa havioni. Subiri mwezi umpime tena."

Nikadhani baba atamkatalia. Akasema, "Sawa dada."

Akanigeukia. "Rudi darasani. Nitakuja tena." Akaenda zake stendi.

Hiyo ndiyo wiki yangu ya kwanza chuo kikuu. Wenzangu wanakumbuka kupotea njia ya maktaba.

Nilihama chumba cha Tabitha, nikapata kitanda kwa wasichana wa kozi nyingine. Na mwezi ulipoisha baba akaja kweli, koti lile lile. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia, "Baba, sipimwi tena. Ukitaka kunirudisha nyumbani nirudishe, begi nakuletea sasa hivi. Lakini kikopo kingine sishiki."

Baba akageuka kuangalia barabara. Akasema, "Mama yako anakusalimia," akaondoka.

Mnadhani nilishinda? Na mimi nilidhani hivyo. Nikajiambia muda utanisafisha. Tumbo likikaa vile vile muhula mzima, watu wenyewe wataona aibu.

Likizo nikaenda Ipole. Nimevaa gauni la kubana makusudi kabisa. Nikaingia kanisani, akina mama wananitazama tumboni kisha wanatazamana. Tabitha yuko kwaya, anaimba sauti ya kwanza, watu wanampongeza alivyotulia pamoja na kusoma mjini.

Jioni mama akanifuata jikoni. Alishindwa hata kunitazama usoni. Akasema, "Shangazi yako anasema basi utakuwa umeitoa."

"Na baba anasemaje?"

Mama akaendelea kukoroga mboga.

Sasa niko mwaka wa mwisho. Tabitha aliniomba msamaha kwa meseji, akamalizia na vikatuni vya kucheka. Sijamjibu. Mama akinipigia simu, baba akiwa karibu anauliza tu kama nimekula.

Nilichojifunza ni hiki. Sababu ya kutokunywa kwako watu hawaiulizi ili waijue. Wanaiuliza ili wakitoka pale wawe na la kusimulia, na usipowapa wataitunga. Kwa hiyo mdogo wangu wa ule uzi, mtu akikutania kwa uongo mbele za watu, usicheke. Kanusha pale pale, hata sherehe ikiharibika. Kile kicheko changu cha Jumamosi ndicho walichokifanya ushahidi.

Na nyie wazazi mliomo humu, mtoto akishapatikana hana kosa, mwambieni. Msikae kimya mkidhani ataelewa.

Haya, uwanja ni wenu. Wasiokunywa wenzangu, nyie mliambiwa mna nini? Na kuna aliyewahi kusafishwa jina kijijini, akasafika kweli? Wa kejeli nanyi karibuni, nimeshazoea.