Fundi Pembe na Baiskeli ya Watu Wawili

Jina alilopewa alipozaliwa lilitumiwa na dada yake tu, tena akiwa amekasirika. Wengine wote walimwita Pembe. Si kwamba aliota pembe, ingawa wapo mafundi wenzake wangeapa kuwa wameziona. Ni kwa sababu ulikuwa humalizi kusalimiana na huyu mama kabla hajafika kwenye pembe za fremu. Baiskeli ya milimani, atakwambia, si rangi wala matairi. Ni pembe. Bomba la usukani likisimama wima, baiskeli inapanda kama mbuzi, lakini kwenye mteremko inakutupa mbele. Likilala, inateremka kwa utulivu, ila kwenye kupanda gurudumu la mbele linayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake. Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali pa katikati, mtu kwa mtu.

Karakana aliirithi kwa mjomba wake, aliyekuwa akichomelea milango na madirisha ya chuma. Mjomba alipofariki, Pembe aliachana na milango, akaanza kutengeneza fremu, moja moja, kwa kipimo cha mwenyewe. Mteja alivua viatu, akasimama kuegemea ukuta, akabana kitabu chenye jalada gumu kati ya mapaja, na Pembe akachora kimstari cha penseli pale kitabu kilipofika. Halafu mkono, halafu kiwiliwili. Alijua urefu wa miguu ya watu ambao hajawahi kuwaona wakila.

Chumba chake kilikuwa juu ya karakana. Kitanda, jiko, meza na kiti kimoja. Cha pili alikishusha chini zamani, akawa anakitumia kupandia rafu za juu. Dada yake alimpigia simu kila Jumapili, na swali lilikuwa lile lile.

"Mdogo wangu, wiki hii umeongea na nani?"

"Na wateja."

"Wateja ni watu wa kuongea nao?"

"Wanaongea, dada. Mimi nawasikiliza."

Wala hakuwa anadanganya. Shida ilikuja pale wateja nao waliponyamaza.

Mwaka huo zilizuka tetesi. Ni kawaida ya viwanda vikubwa vya baiskeli: kila baada ya muda wanabadilisha kipimo cha kitu fulani, upana wa habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, unene wa ekseli, tundu la pedali, na cha zamani hakiingii tena kwenye kipya. Hivyo ndivyo yalivyokufa magurudumu ya inchi ishirini na sita, yaliyomfundisha Pembe kazi. Safari hii ilikuwa ni picha moja tu, imepigwa kwa mbali kwenye mashindano ya ng'ambo, inaonyesha gurudumu la nyuma la baiskeli ya mshindani mmoja. Picha ikaingia kwenye kundi la simu la waendesha baiskeli wa mji. Wakaikuza mpaka ikawa vidoa. Mmoja akasema habu imepanuka. Mwingine akasema ana rafiki ambaye rafiki yake anafanya kazi kiwandani, na ni kweli, mwakani ekseli zote zinabadilika. Lisemwalo lipo, wakaandika, kama halipo laja.

Basi kila aliyekuwa anataka fremu akasema tungoje kwanza. Nani atengeneze fremu leo ambayo kesho haitapata gurudumu? Hata yule aliyekuwa na fremu nusu mezani alituma ujumbe: "Fundi, simamisha kidogo tuone upepo." Pembe akaifunika kwa kitambaa, kama maiti.

Karakana ikawa kimya. Alipanga mabomba upya, akafagia palipokwisha kufagiliwa. Siku nyingine aliwasha grainda bila kitu cha kusaga, ili pasikike sauti. Usiulize nilijuaje, mtaa ule una kuta nyembamba. Kwenye lile kundi la simu aliandika mara moja kwamba mabadiliko hata yakija si mwisho wa dunia, kwamba pembe nzuri haichakai. Hakuna aliyejibu. Aliyefuata alituma picha nyingine ya vidoa.

Katika ukimya huo ndipo akaja kinyozi.

Alikuja asubuhi, akikokota baiskeli ndefu ya watu wawili, ile ambayo Pembe mwenyewe alimtengenezea miaka kadhaa nyuma. Pembe aliitambua kabla ya kumtambua mwenyewe. Mke wa kinyozi alikuwa amepoteza uwezo wa kuona, na mume, ambaye alipenda milima kuliko kupumzika, hakutaka kumwacha nyumbani. Ndipo wakaagiza baiskeli ya milimani ya viti viwili: mume mbele na usukani, mke nyuma na pedali zake. Pembe alikuwa amewapima wote wawili. Aliikumbuka sauti ya yule mama, kicheko kilichojaa karakana alipoambiwa abane kitabu: "Makubwa! Leo nimesoma bila macho!"

Kinyozi aliegemeza baiskeli ukutani, akasimama tu. Kazi yake ni nusu wembe nusu maneno, lakini siku hiyo hakuanza hata na salamu.

"Fundi, nataka uikate. Nibakishie ya mtu mmoja."

Pembe akamsogelea. "Pole, kaka. Sikupata habari. Shemeji alituacha lini?"

"Hajafa!" kinyozi akasema haraka. "Yupo. Yuko nyumbani, mzima kabisa." Akapangusa kiti cha nyuma kwa kiganja. "Anaona siku hizi. Alifanyiwa upasuaji, na macho yote mawili yakafunguka."

"Alhamdulillahi! Si jambo la kushukuru hilo?"

"Nashukuru. Kila siku nashukuru." Akacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. "Ila amekataa kukaa nyuma. Ameniambia, miaka yote hiyo sikuuona mgongo wako, sasa nauona, na sijaupenda kiasi hicho. Anataka baiskeli yake mwenyewe. Keshapata wenzake wa kwenda nao, wanawake watupu. Mimi nikirudi jioni ananisimulia njia. Njia ambazo mimi ndiye niliyekuwa namsimulia."

Pembe alichukua futi akaanza kupima, kwa kuwa ndicho alichojua kufanya. Kata hapa, nyuma ya kiti cha mbele. Chomelea mapaja mapya ya fremu, yale mabomba yanayoshika gurudumu la nyuma. Shida ilikuwa habu: ya watu wawili ni pana kuliko ya mmoja, haitaingia, lazima gurudumu lingine.

"Na hapa kuna maneno," akamwambia. "Wanasema mwakani kuna kipimo kipya. Wenzako wote wanangoja."

"Wangoje. Mimi niwekee chochote kinachozunguka."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miezi mingi mtu kumwambia hivyo, na Pembe alitamani kumkumbatia. Badala yake akasema kwamba kabla ya kukata anahitaji kuona anavyokaa sasa, kwa sababu mwili hubadilika, na kwamba baiskeli hii haiwezi kujaribiwa na mtu mmoja. Nusu ya hayo ilikuwa kweli. Fremu angeweza kuikata bila hata kumwona akiipanda.

Wakatoka, kinyozi mbele, Pembe nyuma. Walipanda barabara ya vumbi inayokwenda nyuma ya mji, mpaka njia ikawa nyembamba na mawe yakaanza. Mbele ya Pembe hapakuwa na kitu ila shati la kinyozi. Hakuwa na usukani wa kuamua wala breki ya kushika. Mara kinyozi, bila kugeuka, akaanza kusema.

"Jiwe kushoto. Tunapinda kulia, taratibu. Mzizi, jiinue kidogo. Sasa tunateremka, tuliza miguu. Kuna mtu na mbuzi wake, anatupisha. Mwambie asante."

"Asante!" Pembe akapaza sauti.

Kinyozi hakuwa anazungumza naye. Mdomo ulikuwa umezoea, kama mguu unavyoijua ngazi ya nyumbani. Pembe alilielewa hilo, hata hivyo akafumba macho. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu kumwambia kinachokuja mbele yake. Akaendelea kukanyaga pedali huku akisikiliza, na kwenye mteremko wa mwisho akagundua kwamba mashavu yamelowa, akashukuru kuwa amekaa nyuma.

Waliporudi karakanani, kinyozi alishuka, akabaki ameshika usukani.

"Samahani," akasema. "Nimekupigia kelele njia nzima."

"Hapana. Umenisaidia."

Kulikuwa na sentensi iliyokuwa tayari kinywani mwa Pembe: tusiikate, kaka, iache hapa, siku moja moja uje twende. Aliigeuza ulimini. Akamwangalia mwanaume yule, mume wa mtu, ambaye mawazo yake yalikuwa nyumbani kwake, akaimeza. Kuna maneno yakishatoka hayana pembe unayoweza kuirekebisha.

"Njoo wiki ijayo," akasema.

Aliikata kesho yake. Msumeno ulipita kwenye bomba alilolichomelea kwa mkono wake mwenyewe, na lilipoachana lilitoa mlio mdogo, basi. Akaijenga sehemu ya nyuma upya, akalilaza kidogo bomba la usukani kwa kuwa kinyozi sasa alikuwa mzito na mwoga wa miteremko, akaweka ekseli ya kipimo kile kile cha siku zote.

Kinyozi alipokuja kuchukua, aliizunguka baiskeli mara mbili, akaipenda. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuliuliza.

"Na wewe, fundi, yako iko wapi?"

Pembe akacheka. Mganga hajigangi. Alikuwa akipanda fremu moja iliyokataliwa na aliyeiagiza, fupi kwake, inayomuumiza kiuno. Na mtu hawezi kujipima peke yake: ukiinama kusoma futi, kipimo kinabadilika. Alimweleza hivyo, kwa mzaha.

"Vua viatu," kinyozi akasema.

Alikuwa na mikono myepesi, ya mtu aliyezoea kushika vichwa vya watu kila siku. Akachora kimstari cha penseli ukutani, akamsomea namba, akamrudishia penseli, akaenda zake na baiskeli yake. Hakurudi tena mpaka ilipohitaji breki mpya.

Zile tetesi nazo ziliishia kama zinavyoishia. Kipimo kipya kikatoka kweli, tofauti yake na cha zamani ni unene wa sarafu. Baadhi ya wateja wakarudi, wengine wakanunua fremu za kiwandani, na lile kundi la simu likahamia kwenye picha nyingine. Katikati ya kazi chache zilizorudi, Pembe alijitengenezea fremu yake, akaipaka rangi ya kijani kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Jumapili moja, baada ya simu ya dada yake, alipanda nayo hadi juu ya kilima. Kileleni alimkuta mwanamke amekaa kwenye jiwe, baiskeli mpya inang'aa pembeni yake. Yule mama alimtazama kama unavyomtazama mgeni yeyote.

"Habari za kupanda," Pembe akasalimia.

Mwanamke akaruka kutoka kwenye jiwe. "Fundi! Ni wewe! Ile sauti ya kitabu!" Akamshika mabega, akamkagua uso bila haya, kwa muda mrefu, macho yake mapya yakitembea kwenye paji, mashavu na kidevu. "Mimi siku zote nilidhani wewe ni mtu mrefu."

"Ningekuwa mrefu ningekwambia."

Wakacheka. Mke wa kinyozi akasema anamngoja mume wake. Amemshawishi waje wote leo, ila mzee anapanda polepole, naye hataki ajione ameachwa. Baada ya muda kinyozi akatokea, jasho linamtiririka, akainua mkono kwa mbali. Mkewe akamwita kwa sauti, amwonyeshe upande wa kupita wenye mchanga kidogo. Walikunywa maji, wakapumzika, wakajiandaa kuteremka.

"Twende pamoja, fundi," mama akasema.

"Tangulieni," Pembe akajibu. "Mimi ndio kwanza nimefika."

Wakaenda, mke mbele, mume nyuma. Pembe alisikia matairi yao kwenye changarawe, na sauti za kuitana, mpaka upepo ukazichukua. Akakaa kwenye lile jiwe, ambalo bado lilikuwa na joto la mtu. Kiuno hakikumuuma. Alikaa mpaka jiwe likapoa, kisha akaiinua baiskeli yake na kushika njia ya upande wa pili, ile inayozunguka kilima mbali kabla ya kurudi mjini.