Nyama Iliyomlaza Nje

Kuna nyama ambayo mwanamke wa Kinyarwanda wa zamani hakuila, na mimi naila. Naila kila Jumamosi nikijaliwa afya, imechomwa kwenye mkaa, na mafuta yake yote, na pilipili ya kunitoa machozi. Ni nyama ya mbuzi. Vijana wa leo nikiwaambia kwamba hili lilikuwa jambo la kujificha wananicheka, maana wao na wachumba wao wanakaa hadharani hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, burusheti za vijiti mkononi, na hakuna anayegeuza shingo kuwatazama. Wacheke tu. Hawakulelewa na watu walionilea mimi.

Wazee wetu walisema mwanamke akila mbuzi ataota ndevu, na atakuwa mbishi kama mnyama mwenyewe. Sijawahi kukutana na mtu aliyemwona mwanamke wa namna hiyo, lakini imani haikuhitaji shahidi. Tulikimbia Rwanda nikiwa msichana wa kubeba mdogo wangu mgongoni, nikakulia Bukavu, upande wa Kongo, katikati ya watu ambao mbuzi kwao ni nyama kama nyama nyingine. Hata hivyo, katika nyua za sisi wakimbizi, mbuzi hakuingia kwenye chungu cha wanawake. Tulikuwa tumepoteza mashamba, ng'ombe na makaburi ya wazee wetu. Mila zilizobaki tulizishika kwa meno.

Aliyezishika kuliko wote ni mama mkwe wangu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye macho yaliyokuona kabla hujaingia mlangoni. Alinigombeza kwa Kinyarwanda na kunibembeleza kwa Kiswahili cha Bukavu, alichojifunza akiuza maharage sokoni, kwa hiyo nilijua hali ya hewa kwa lugha aliyoamka nayo. Mbuzi hakumla. Wala hakula chochote mbele ya macho ya watu, kama ilivyokuwa adabu ya wazee wa kwao. Chakula chake kilipelekwa nyuma ya pazia, naye akala akiwa ameelekea ukutani, na sahani ikatoka safi. Nilikuwa mke wa mwanawe kwa miaka mingi, nikamzalia wajukuu, na sikuwahi kumwona akitafuna.

Aliyenifundisha kula mbuzi ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, fundi wa malori. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu alinikuta nyuma ya migomba nikifua, akafungua karatasi iliyolowa mafuta.

"Shemeji, onja. Kama ndevu zinaota, miye mwenyewe nitakunyoa."

Nikaonja, na nikawa nimepotea. Tangu siku ile, kila alipolipwa aliniletea kijiti kimoja au viwili, nami nikavila nimechuchumaa kati ya migomba kama mwizi wa kuku. Baadaye nilitafuna majani ya mlimau na kunawa mara mbili. Yeye hakujali kunawa. Alirudi nyumbani na harufu yake ya mbuzi na bia, na mama yake alimsimamia mlangoni asiingie.

"Enda ulale inje, na mbuzi benzako."

Alikwenda kulala kwenye jiko la nje, juu ya gunia, akiimba kwa sauti ya chini. Hakuwahi kubishana naye. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye mvi alilala kwenye jiko lile akija kutusalimia, na asubuhi alimletea mama yake maji ya kunawa uso.

Mauaji ya kimbari yalipokwisha huku Rwanda, watu wetu walianza kurudi. Mume wangu alikuwa ameshazikwa Bukavu, ugonjwa wa figo, na watoto wangu walikwenda Kigali kutafuta maisha. Mimi na mama mkwe tulivuka daraja la mpakani, juu ya mto Rusizi, na magodoro, cherehani yangu na sanamu yake ya Bikira Maria. Shemeji alitubebea mizigo hadi Kamembe, kisha akarudi ng'ambo. Alisema kazi yake iko kule. Wakati mwingine alivuka Jumapili, akala kwetu, akarudi kabla mpaka haujafungwa.

Nyumba tuliyoipata ilipakana na familia ya Waislamu. Mume alikuwa mchinjaji aliyechoma nyama mbele ya nyumba, na mke aliuza vitenge, nami nilimshonea wateja wake. Tukazoeana. Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, aliniita uani kwake. Tulikaa kwenye mkeka, chai ya tangawizi katikati, na sahani ya burusheti inayofuka moshi.

Lazima niseme nilivyojisikia miaka ile. Mji mzima ulikuwa umefiwa. Mwanamke niliyempimia gauni aliniambia idadi ya mikono atakayoihitaji kwa sababu mmoja ulikatwa, na aliisema kama anavyotaja rangi. Kwenye vilima vya Gashonga na Mibirizi watu walikuwa bado wanachimbua wenzao ili kuwazika vizuri. Na mimi, mjane niliyekaribia umri wa hamsini, nilikuwa na raha yangu ya Jumamosi, nikilamba mafuta vidoleni hadi kwenye kiwiko. Niliona aibu. Nilijiambia Jumamosi ijayo sitakwenda, na Jumamosi ilipofika nilikuwa wa kwanza kutandika mkeka. Mtu anayesema kilio kinaua hamu ya kula hajakaa kwenye kilio cha miaka. Hamu ya kula inarudi, na inakuja bila kuomba ruhusa.

Kisha vita vikaanza ng'ambo. Kutoka Kamembe tulisikia risasi za Bukavu, na mabomu yalitikisa vioo vya madirisha yetu. Daraja likafungwa. Mama mkwe alitoka nje, akasimama ukingoni mwa uwanja akitazama vilima vya upande wa pili, na hakuingia ndani hata mvua ilipoanza. Nilimfuata na mwavuli.

Watu walipoanza kuvuka tena, alikuja mke wa jirani wa shemeji kule Bukavu, amebeba mtoto na sufuria. Alitueleza alichokiona. Shemeji alitoka asubuhi kwenda gereji. Njiani watu wenye bunduki walimwangalia sura, wakamuuliza ni wa wapi, wakampandisha kwenye lori pamoja na wengine. Lori lilikwenda. Yule mama hakujua lilikwenda wapi, na hadi leo mimi sijui, wala sijui waliokuwa na bunduki walitumwa na nani.

Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho. Alimshukuru, akaniambia nimpe yule mama uji. Kisha akaingia nyuma ya pazia lake, na sahani niliyompelekea jioni ilitoka kama ilivyoingia.

Mwanzoni nilidhani ni huzuni ya siku mbili tatu. Nilipika maharage laini na ndizi. Nilipika isombe, yaani kisamvu, na mafuta ya mawese, chakula alichokipenda. Wanawake wa Nkanka waliniletea sambaza wabichi, dagaa wa ziwani, nikakaanga dagaa hao mpaka wakawa wakavu wa kuvunjika. Sahani ilirudi vilevile. Alikunywa maji, na maziwa kidogo nilipomlazimisha. Sista muuguzi kutoka Mibirizi alikuja, akampima, akaniambia pembeni kwamba hakuna ugonjwa anaouona, ila mzee anapungua na kwa umri wake hatachukua muda.

Nilimwomba mama mkwe nimwite padiri, tumsomee shemeji misa ya marehemu, roho yake ipumzike na yetu pia. Alinijibu kutoka nyuma ya pazia.

"Hapana misa. Banionyeshe kwanza fasi balimuweka, nione kaburi."

"Maman, unakufa na njala."

"Kwetu bantu banakula nyuma ya kuzika. Siku nitakula, njo siku nimemuzika. Miye sijamuzika."

Na ni kweli. Kwetu, mtu akishazikwa, familia hukaa pamoja ikala na kunywa bia ya mtama, na kwa kula huko kila mmoja anakubali kwamba aliyekwenda amekwenda. Mama mkwe hakuwa na mwili wa kuzika, kwa hiyo aliufunga mdomo wake, na kwa kuufunga alimweka mwanawe hai. Nilimwelewa vizuri sana, na nilimkasirikia. Nilikuwa nimebaki na mtu mmoja tu ndani ya nyumba ile. Usiku nilisikiliza kama anapumua.

Jumamosi moja jirani aliniita ukutani. Nilimwambia siwezi, mzee wangu hajala.

"Kuya tu, maman. Mwenye kumubeba mukecuru, mama muzee vile, lazima akuwe na nguvu."

Nilikwenda. Nilikula kuliko siku zote, haraka, bila kuongea, na machozi yalitoka nikayasingizia pilipili. Jirani alijifanya amesadiki. Nilichukia kwamba nyama ilikuwa tamu. Nilichukia zaidi kwamba ningekula tena kama angeniongezea, na aliniongezea.

Nilirudi nyumbani nikanawa, nikatafuna majani ya mlimau, nikaketi kwenye cherehani kana kwamba nimekuwepo pale mchana kutwa. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, kwa Kiswahili.

"Unatoka kula ile nyama."

Mguu wangu ulisimama kwenye pedali.

"Tangu Bukavu nasikiaka harufu yake," akaendelea. "Weye na ule mutoto yangu. Mulikuwa munakulaka nyuma ya migomba, munafikiri miye mujinga."

"Nisamehe, Maman."

"Siko nakugombeza. Na hakuna ndevu nimeona kwako." Akavuta pumzi. "Ilibakia?"

"Nini?"

"Ile nyama. Kama ilibakia kwa jirani, niletee."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilidhani labda anataka kuitupa, au akili yake imeanza kwenda. Lakini nilitoka mbio, na kitenge changu kikanasa kwenye msumari wa mlango kikachanika. Jirani hakuniuliza swali hata moja. Alipasha moto vijiti, akachomoa nyama, akaikatakata vipande vidogo kama vya mtoto anayeota meno, akanipa kwenye sahani nzuri ya wageni.

Niliporudi pazia lilikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya mkeka, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa, mgongo ukutani. Uso wake ulielekea kwangu. Niliweka sahani mbele yake, nikainuka kuondoka, kwa sababu ndivyo nilivyozoea.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Niliangalia chini. Nilikuwa bibi mwenye wajukuu, na bado sikuthubutu kuangalia mdomo wa yule mama.

"Angalia tu. Hata tukifichana macho, bantu bote banakulaka."

Alichukua kipande, akakinusa kwa muda mrefu.

"Njo hii ilikuwa inamulaza inje?"

"Ndiyo hii, Maman."

Akakitia mdomoni. Meno yake yalikuwa machache, na alitafuna upande mmoja, taratibu, macho ameyafumba. Mafuta yalishuka hadi kidevuni, hakuyafuta. Nilimwona akimeza. Shingo yake ilikuwa nyembamba hata nikaona kipande kikishuka, na niliogopa kwamba kitarudi. Hakikurudi.

"Ni tamu," akasema.

Alilisema neno hilo kwa sauti ambayo mtu huitoa akiletewa habari mbaya. Alichukua kipande cha pili, na hiki alikitafuna haraka zaidi.

"Ni tamu hivi. Na miye nilimulaza inje. Na baridi. Mutoto muzima, na mvi yake." Akafuta mikono kwenye kitenge, akaitazama. "Angeniambia ni tamu. Juu ya nini hakuniambia?"

Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa akiimba kule jikoni, kwamba hakuwa na kinyongo, kwamba alimpenda kiasi cha kukubali kulala juu ya gunia. Nilimshika mkono tu, ule wenye mafuta. Ndipo alipolia. Tangu yule mama wa Bukavu alipotoka kwetu hakuwa ametoa chozi hata moja, na sasa alilia kwa sauti, mdomo wazi, nyama ikiwa bado ndani. Jirani alisikia, akaja hadi mlangoni, akaona, akarudi kwake bila kubisha.

Tulikaa hivyo mpaka mwanga wa dirishani ukaanza kupungua. Alipotulia alivuta sahani karibu, akaisukuma katikati yetu, akanionyesha kwa kidevu kwamba nami nile. Tulikula pamoja, mimi na mama mkwe wangu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, pazia likiwa wazi na mlango pia. Hakuna aliyeficha mdomo.

Vipande vilipokwisha aliomba maji, akanawa, akajifunga kitambaa upya.

"Kesho ni siku ya Mungu," akasema. "Uende mapema, mbele ya misa ya kwanza. Umuambie padiri amusomee mutoto yangu. Akikuuliza maiti iko wapi, umuambie hatujui. Umuambie tu mama yake amekula."