Ramani Iliyotegewa Masikio

Katika ofisi ya wafamasia wa hospitali kuna ramani ya dawa kwenye kompyuta, inayoonyesha ipi ni ya jamii gani, na fundi wake haichungulii hata siku moja. Ameitegea masikio. Dawa ikiongezwa, spika inalia kama kijiko kwenye kikombe, naye anaendelea kumenya chungwa kwa vidole vyake vinene.

Leo spika ililia kwa sauti ya bintiye aliyoirekodi kwa ajili ya dawa inayotolewa: "Mama!" Chungwa likaanguka. Mtu alikuwa ameitoa dawa mpya katika jamii ya penisilini. Mgonjwa anayedhuriwa na penisilini angeandikiwa dawa hiyo bila onyo la kompyuta. Fundi akainuka, akanyakua simu, akampigia daktari anayezipanga dawa kwenye ramani. "Daktari, umekusudia kuitoa?"

"La hasha! Mkono umeteleza. Irudishe!"

"Kwa nini sauti ya mtoto?" akauliza mfamasia wa meza ya pili.

"Kengele huzoeleka, dada. Hiyo je?"

Hapo ndipo mfamasia alipogundua kwamba naye amesimama tangu spika ilipoita.